DAWA YA VITA: IKISHINDWA, NANI ANALAUMIWA?



Ninakusalimu wewe uliyepewa karatasi hii uwanjani, na wewe uliyeiokota stendi, na hata wewe uliyeikuta imefungiwa karanga. Usiitupe. Kaa chini, isome mpaka mwisho, kisha umpe mwenzio.

Leo sitakuuliza kama uchawi upo au haupo. Swali hilo watu wamelibishania vilabuni na makanisani, na hawajamaliza. Mimi nina swali jingine, na ninaomba ulijibu moyoni mwako kwa uaminifu: Mtu akimpa mwenzake dawa ya kumlinda vitani, na yule mwenzake akafa, NANI MWENYE KOSA? Ni aliyekufa, au ni aliyempa dawa?

Usijibu haraka. Soma kwanza.

SHIMO NI VITA

Utasema, "Mtumishi, sisi Shinyanga na Geita hatuna vita. Vita viko Kongo." Ndugu yangu, sikia watu wanavyosema. Kijana anayeshuka kwenye duara Nyarugusu au Rwamagasa husema anakwenda kupambana. Mwenye duara akigombania mwamba na jirani yake husema wako vitani. Mfanyabiashara wa Kahama akifungua duka karibu na duka jingine, husema anahitaji kinga. Wote wanakwenda kutafuta dawa ya aina moja: dawa ya kumshinda adui, na dawa ya kuzuia kifo kisiwaguse.

Kwa hiyo tuanzie kwenye vita vya kweli, vya mtutu na risasi. Nakwambia kwa nini. Kwenye biashara dawa inaweza kujificha miaka kumi. Ukipata, ni dawa. Ukikosa, hujatimiza masharti. Lakini mbele ya risasi dawa haina pa kujificha. Jibu linapatikana siku hiyo hiyo kabla jua halijazama.

UCHAWI WA MCHEZO

Hebu nianze na jambo jepesi. Mwaka 1974 kule Marekani, watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Ulitokana na michezo ya zamani ya kupanga vita kwa sanamu ndogo za askari. Watu hukaa kuzunguka meza na karatasi, kalamu na dete. Mmoja anajifanya shujaa, mwingine mchawi, na mwingine ndiye msimamizi anayeeleza kilichotokea. Mchawi wa karatasi ana maneno yake ya uchawi, na vijana hushindana kwa akili: nani atayatumia kwa ujanja zaidi vitani? Mjinga anarusha moto tu. Mwerevu anageuza mwamba kuwa matope chini ya miguu ya jeshi, farasi wote wakwame. Mwingine analeta ukungu ili watu wake watoroke. Mwingine anatoa chakula kwa mji uliozingirwa, na adui anachoka kungoja.

Miaka ya 1980 Wakristo wengine huko Marekani waliupigia kelele sana mchezo huo, wakasema ni mlango wa shetani. Mimi sikutumi ukaucheze. Lakini nataka uone jambo moja. Katika kitabu cha mchezo ule, kila neno la uchawi limeandikiwa mipaka yake: linafika umbali gani, linadumu muda gani, linashindwa na nini. Mchezaji anajua kabla hajalitumia. Na likishindwa, anafuta kwa kifutio, anacheka, anakwenda nyumbani kula.

Na sisi Wasukuma tunao mchezo wetu. Tangu enzi za waganga wa zamani, Ngika na Gumha, ngoma zetu ziligawanyika Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno wanashindana. Kila upande una dawa ya kuvuta watu, na dawa ya kuudhoofisha upande wa pili. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Lakini nenda Bulabo pale Kisesa mwezi wa Juni ukaangalie kwa macho yako. Huyu anacheza na chatu, yule na nungunungu, wale wanarusha majembe juu na kuyadaka. Sasa watu wamevutwa na dawa, au wamevutwa na chatu? Jibu unalo. Na aliyeshindwa anarudi nyumbani akiwa mzima. Atajaribu tena mwakani.

Huo ni mchezo. Taabu inaanza pale mtu anapoyachukua maneno ya mchezo na kumvika nayo mtoto wa mwenzake, akamsimamisha mbele ya bunduki ya kweli. Pale hakuna kifutio.

MAJI YA MWAKA 1905

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua Vita vya Maji Maji. Lakini tulisoma ili tujibu mtihani. Hebu tusome tena kama watu wazima.

Mjerumani aliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba. Aliwatoza kodi. Akida na askari waliwachapa viboko. Dhuluma ilikuwa ya kweli, na hasira ilikuwa ya haki. Ndipo Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, akasema amepewa dawa na mzimu wa Hongo. Ilikuwa maji, yenye mtama na mafuta ya nyonyo. Watu walikunywa, walipakwa, walinyunyiziwa. Ahadi ilikuwa kwamba risasi za Mzungu zitageuka maji.

Vita vilianza mwezi Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Wamatumbi, kwa kung'oa pamba. Kinjeketile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Lakini maji yalikwisha kutoka mkononi mwake, yamekwenda kabila hata kabila.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuja mchana kweupe. Kwa nini ujifiche, kama risasi ni maji? Bunduki za rashasha zikafunguliwa. Mpendwa, sitaki kukueleza uwanja ule ulivyokuwa jioni.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Maji yale yalikuwa na miiko. Usilale na mwanamke wakati wa vita. Usipore mali. Basi watu walipoanguka, waliobaki waliambiwa nini? Hawakuambiwa maji ni ya uongo. Waliambiwa kwamba waliokufa walivunja mwiko. Na wengine waliambiwa wafu watafufuka.

Umeona hapo? Maiti hawezi kujitetea. Kijana wa watu amekufa akiwa mtiifu, hakugusa mwanamke, hakuiba hata kuku. Halafu juu ya kaburi lake anabandikwa jina la mkosaji, ili dawa ibaki safi! Mama yake anampoteza mara mbili: kwanza mwili, kisha jina.

Vita vile vilikwisha mwaka 1907. Mjerumani alichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wamefika hata 250,000 na zaidi. Kule Songea wazee wetu walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, na taifa linawakumbuka kila mwaka. Mimi nawaheshimu. Walikuwa na haki ya kusimama. Lakini haki ya vita haiyafanyi maji kuwa ngao. Mambo haya ni mawili, usiyachanganye: VITA VYAO VILIKUWA VYA HAKI, NA AHADI WALIYOPEWA ILIKUWA YA UONGO.

MULELE NA LAKWENA

Unaweza kufikiri watu walijifunza. Hapana. Mwaka 1964 huko Kongo ya mashariki waliinuka wapiganaji walioitwa Simba. Walipewa dawa, wakaingia vitani wakipiga kelele za "Mai Mulele!" Na kwa muda dawa ilionekana kufanya kazi! Mwezi Agosti waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Wanajeshi wa serikali, wenye silaha bora kuliko wao, walikimbia.

Kwa nini walikimbia? Kwa sababu na wao waliiamini ile dawa. Waliogopa kupiga risasi zitakazogeuka maji. Kumbe dawa haikuwa kwenye ngozi ya Simba. Ilikuwa kwenye kichwa cha adui yake. Halafu wakaja askari wa kukodiwa, na tarehe 24 Novemba 1964 wakashuka askari wa miavuli wa Ubelgiji. Hao hawakuijua dawa wala kuiogopa. Mji ukatoka mikononi mwa Simba siku ile.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1986, Uganda ya kaskazini alitokea mwanamke Mwacholi, Alice Auma, aliyesema roho iitwayo Lakwena inasema kupitia kwake. Huyu namtaja kwa uchungu, maana alichukua na mambo yanayofanana na ya kwetu: nyimbo za ibada, maji, mafuta, jina la Roho Mtakatifu. Wapiganaji wake walipakwa mafuta ya shea ili risasi zisiingie. Mawe yaliambiwa yatalipuka kama mabomu ya mkono. Nyuki na nyoka walihesabiwa kuwa washirika wao wa vita. Askari walikwenda mbele wakiimba, wamesimama wima. Amri zao zilikataza kujificha nyuma ya mti au kichuguu.

Fikiri, ndugu yangu! Kichuguu kingemwokoa mtu, na kichuguu kikakatazwa, kwa sababu kujificha ni kukosa imani. Na aliyepigwa risasi akasemwa alikuwa na dhambi. Jeshi lile lilifika hadi karibu na Jinja, kama kilomita 80 kutoka Kampala, likavunjwa mwishoni mwa mwaka 1987. Alice alikimbilia Kenya, akaishi ukimbizini Dadaab mpaka alipofariki Januari 2007. Yeye alipata miaka 19 zaidi. Wale vijana waliosimama wima hawakupata hata saa moja.

Na mpaka miaka yetu hii, huko Kivu, wapo wapiganaji wa Mai-Mai wanaoendelea na maji yale yale. Wengine wamewatumia watoto kuitunza dawa na kuwanyunyizia wapiganaji, eti kwa sababu mtoto ni safi, hajavunja mwiko. Mtoto aliyepaswa kuwa darasani anatangulizwa vitani kwa sababu ya usafi wake!

"LAKINI MTUMISHI, DAWA INATIA MOYO"

Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na sitaidharau, maana ina uzito. Watu husema hivi: Mnyonge hana bunduki. Hana fedha. Ana woga tu. Dawa inamwondolea woga. Maji yale yaliunganisha makabila ambayo hayajawahi kukaa pamoja. Miiko ile ilizuia wizi na ubakaji. Pasipo maji, nani angethubutu? Ni vizuri mtu adanganywe akasimama, kuliko aambiwe ukweli akapiga magoti.

Ni kweli, dawa ya vita imeleta mambo matatu mazuri: umoja, nidhamu na ujasiri. Mimi siyakatai. Inawezekana kabisa kwamba pasipo maji watu wa kusini wasingeinuka pamoja.

Lakini tazama dawa inavyofanya biashara yake. Inachukua vitu vitatu vya kweli, inavifunga pamoja na kitu cha nne ambacho ni cha uongo: "HUTAKUFA." Na hicho cha nne ndicho kinachoua! Umoja haukumwua mtu pale Mahenge. Nidhamu haikumwua mtu. Kilichowaua ni kutembea mchana kweupe mbele ya rashasha. Baadaye waliobaki, walipoona maji hayafanyi kazi, waliingia msituni wakapigana kwa kuvizia, wakajificha nyuma ya miti, na wengine walimsumbua Mjerumani mpaka mwaka 1907. Watu walewale, moyo uleule. Walichoacha ni ile ahadi tu.

Tena kuna swali la haki. Mtu anayo ruhusa ya kuuweka uhai wake hatarini kwa ajili ya watu wake. Huo ni upendo mkubwa. Lakini ili autoe, lazima ajue anatoa nini. Ukimwambia "unaweza kufa, twende," akaja, amejitoa mwenyewe. Ukimwambia "hutakufa, twende," akafa, hakujitoa. Wewe ndiye uliyemtoa. Ujasiri wake umeuiba, ukauweka kwenye chupa, kisha ukamwuzia.

Mwingine atasema, "Pengine mganga mwenyewe aliamini." Inawezekana. Siwezi kuuona moyo wa Kinjeketile, wala wa Alice. Lakini kuamini kwako hakusimamishi risasi inayokwenda kwa mwingine. Ukiwa na hakika na dawa yako, ianzie kwako. Au basi, mfungie kuku shingoni! Kuku ni bei ndogo kuliko mtoto wa mtu. Ila najua jibu utakalopewa: eti dawa hii haifanyi kazi kwa kuku.

FILIMBI YA SUNGUSUNGU

Turudi nyumbani. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa. Majambazi na wezi wa ng'ombe walitesa Kahama, Nzega na Shinyanga yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wakachoka, wakaunda Sungusungu. Walikuwa na pinde na mishale, walikuwa na viongozi wao, na ndiyo, walikuwa na dawa za kinga.

Wizi ulipungua sana, hata mwaka 1989 sheria ikawatambua kama sehemu ya mgambo. Sasa nakuuliza: mwizi alikimbia nini? Alikimbia chale? Mwizi alikimbia filimbi! Ikipigwa huku, inaitikiwa kule, mwano unapokelewa kijiji hata kijiji, na kila mwanaume anatoka na upinde wake. Aende wapi? Hata Gideoni katika kitabu cha Waamuzi aliwashinda Wamidiani kwa namna hiyo, watu 300 wenye tarumbeta, mitungi na mienge, kila mmoja amesimama mahali pake.

Lakini angalia dawa ilileta nini upande wa pili. Mwenye dawa ya kinga lazima awe na mchawi wa kukingwa. Basi Sungusungu ileile iliyomfukuza mwizi iliwageukia vikongwe. Bibi ana macho mekundu kwa moshi wa kupikia maisha yake yote, akaitwa mchawi, akafukuzwa kijijini. Filimbi ilimwokoa ng'ombe. Dawa ikamtoa bibi.

SANDUKU NA MEZA

Usidhani Biblia imenyamaza. Katika 1 Samweli sura ya 4, Israeli walipigwa na Wafilisti. Wakasema, tulilete Sanduku la Agano, litatuokoa. Hawakutubu. Hawakuuliza kwa nini tumeshindwa. Walilibeba Sanduku la Mungu kama mtu anavyobeba hirizi. Walipiga kelele hata nchi ikatetemeka. Na siku ile walianguka watu 30,000, na Sanduku lenyewe likatekwa!

Sikieni, wahubiri wenzangu. Kitu kitakatifu kikitumiwa kama hirizi, kinakuwa hirizi. Chupa ya mafuta, maji ya upako, kitambaa, chumvi: ukimwuzia mchimbaji akamwage shimoni kwa ahadi kwamba duara halitamwangukia, umefanya kazi ileile ya mganga, umevaa tai tu. Na likimwangukia, utasema nini? Utasema "hakuwa na imani"? Hayo ndiyo maneno ya Lakwena! Tuogope, jamani.

Sasa soma 2 Wafalme sura ya 6. Hapo upo muujiza wa vita. Jeshi la Shamu lilimzingira Elisha. Aliomba, wakapigwa upofu, akawaongoza mwenyewe mpaka katikati ya Samaria. Mfalme wa Israeli akafurahi, akataka kuwaua. Nabii akakataa. Akaagiza waandaliwe chakula na maji. Wakala, wakanywa, wakarudi kwao wazima. Na vikosi vile vikaacha kuja kuvamia.

Wale vijana wa mchezo wa mezani hutafuta matumizi ya ujanja ya uchawi vitani. Hapa nabii amewapita wote. Aliutumia uweza ili PASIWEPO MAITI HATA MMOJA, wala wa kwake wala wa adui. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia mbele ya lile jeshi, hakumtuma mtoto wa mtu.

MWILI WA NANI?

Mpendwa msomaji, nimekuzungusha mbali ili nikurudishe hapa. Dawa ya vita haishibi. Ukishakubali kwamba kifo kinaweza kununuliwa kisikuguse, utaulizwa bei. Leo ni kuku mwekundu. Kesho ni mbuzi. Keshokutwa mganga anakwambia, duara lako lina vita kubwa, linataka kitu kikubwa.

Unajua kilichotokea kwetu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ndugu zetu wenye ualbino walianza kuwindwa Kanda ya Ziwa kama wanyama, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya utajiri, wa dhahabu na wa samaki. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa miaka 14 wa Bukombe. Miaka kumi na minne! Na mwezi Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi.

Waliofanya hayo hawakuanzia hapo. Walianza na hirizi ndogo ya kujikinga. Walianza na kukubali neno moja tu: kwamba mtu mwingine anaweza kulipa ili mimi nisife. Ukilikubali neno hilo, umebakia kujadiliana bei tu.

Sasa nikukumbushe habari nyingine ya hapa hapa. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa huko Nyangalata, Kahama. Mmoja alifia chini. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Siku arobaini na moja! Walikula mende, vyura na magome. Tena Januari 2017 huko Nyarugusu, watu 15 walifukiwa mgodini, wote wakatolewa hai. Mimi namshukuru Mungu kwa roho hizo. Lakini sikusikia kwamba walitolewa kwa chale. Walitolewa na watu waliokataa kuacha kuchimba.

MASWALI MATATU

Basi mtu yeyote akikuletea dawa ya ushindi, awe mganga, awe nabii, awe mwanasiasa, awe rafiki yako wa kilabuni, muulize maswali haya matatu kabla hujampa mkono:

1. WEWE UTASIMAMA WAPI? Kama dawa ni ya kweli, utangulie mbele. Kama utabaki nyuma ukihesabu fedha, chukua dawa yako uende nayo.

2. NIKIFA, UTASEMA NINI JUU YANGU? Mwenye ukweli atasema, "Nilikosea." Mwenye uongo atasema, "Alivunja sharti." Dawa ambayo haiwezi kukosea hata siku moja, hiyo si dawa, ni mtego.

3. NI MWILI WA NANI UTAKAOLIPA? Kama jibu ni mwili wa mtu mwingine, kimbia! Usingoje jibu la pili. Nenda polisi, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, piga filimbi, piga mwano.

Kijana wangu wa machimboni, kabla ya kushuka kesho asubuhi, kagua matimba. Kama yameoza, usishuke, hata kama mwenye duara anakwambia limezindikwa. Kagua kamba. Acha mtu juu anayejua idadi yenu. Omba, ndiyo, omba sana, maana pumzi yako ni ya Mungu. Lakini usiombe ili upate ruhusa ya kushuka kwenye duara bovu. Kuogopa mwamba si kukosa imani. Kichuguu ni cha Mungu pia, jifiche nyuma yake.

Mama, kama mwanao alifia shimoni, na watu wakakwambia alivunja mwiko, alilala na mwanamke, alimkasirisha mwenye mlima, nakusihi usikubali. Mtoto wako hakuwa mkosaji. Nguzo ilikuwa imeoza. Simama ulitetee jina lake, kwa sababu yeye hawezi tena.

Na wewe mganga, au mhubiri mwenzangu, unayesoma karatasi hii huku mteja anakungoja mlangoni na fedha mkononi: ataingia sasa hivi, na atakuuliza kama akishuka atapanda. Mwambie ukweli. Mwambie hujui. Kisha muulize kama matimba yake ni mazima.